Aliyelala Mchana Usimwamshe

Mwezi huu nataka tuzungumze habari za nyumba zilizo na mwuguzi ndani yake, awe mama au baba, awe binti au mkaza mwana. Nyumba hizo ni nyingi siku hizi, wala hazifuati saa za nyumba nyingine. Jirani waamkapo, yeye ndipo alalapo; jirani wafungapo milango, yeye ndipo afunguapo wake aende kazini. Na kwa kuwa watu huhukumu kwa wayaonayo, mara nyingi mtu huyo husemwa. Mama mkwe hupita karibu na dirisha saa 5 ya mchana, akaona pazia limeshushwa, akamwambia jirani yake, "Dada, huyu mkaza mwanangu bado yu kitandani, na jua limepanda hivi." Neno hilo ni dogo, walakini laweza kuvunja amani ya nyumba.

Wahenga walisema: Aliyelala usimwamshe, ukimwamsha utalala wewe. Yamkini walikuwa wakifikiri mambo mengine, bali kwa habari ya mwuguzi mithali hii ni kweli neno kwa neno. Maana umwamshaye leo mchana bila sababu, ndiye atakayekupimia dawa kesho usiku, wewe ukiwa umelala kitanda cha hospitali. Katika maneno yafuatayo nitajaribu kuonyesha, kwa hesabu na kwa sheria, ya kuwa usingizi wa mwuguzi si wake peke yake. Ni sehemu ya kazi yake, na mgonjwa ana haki ndani yake.

Kwanza yafaa tujue zamu ni nini. Ugonjwa hauna siku ya mapumziko. Homa haingoji kupambazuke, wala mtoto atakaye kuzaliwa haulizi kama mkunga amekwisha kula. Kwa hiyo hospitali haifungwi kama duka au shule. Watu wake hupokezana, huyu akitoka huyu huingia. Hospitali nyingi za nchi yetu hugawa siku mara tatu: zamu ya asubuhi, zamu ya alasiri, na zamu ya usiku. Saa zenyewe si sawa mahali pote, walakini kwa desturi zamu ya usiku ndiyo ndefu kuliko nyingine, huanza giza liingiapo hata kukicha. Ziko na hospitali zigawazo siku mara mbili tu, saa 12 kwa saa 12.

Mkuu wa wodi ndiye apangaye. Huandika majina ya wauguzi wake kwa safu, na tarehe juu yake, na katika kila nafasi huonyesha huyu ana zamu ya asubuhi, huyu ya alasiri, huyu ya usiku, na huyu anapumzika. Kisha karatasi hubandikwa ukutani. Hiyo ndiyo ratiba ya zamu. Kwa mgeni apitaye ni karatasi tu; kwa mwuguzi ndiyo imwambiayo kama atakuwapo siku ya arusi ya ndugu yake, na kama atakula sikukuu pamoja na watoto wake, au wao watakula na yeye atakuwa akifunga vidonda.

Watu wengi hudhani kupanga zamu ni jambo jepesi. Haya, na tufanye hesabu kama tulivyofundishwa shuleni. Juma moja lina siku 7, na kila siku ina saa 24. Jumla ni saa 168. Sheria ya kazi ya Tanzania Bara yasema mtu asipangiwe zaidi ya saa 45 za kawaida katika juma. Gawanya 168 kwa 45, utapata 3 na sehemu kubwa ya 4. Maana yake ni hii: ili mwuguzi mmoja tu awepo katika wodi usiku na mchana, wanatakiwa watu karibu 4. Ukitia na likizo ya mwaka, ambayo kwa sheria hiyo ni siku 28, hao 4 wamekwisha wote katika hesabu. Hajabaki hata mmoja wa kushika nafasi ya aliyeugua, au aliyefiwa, au aliyekwenda kujifungua.

Basi wodi ihitajiyo wauguzi 2 kila saa yataka watu 8. Tuseme wodi hiyo imepewa 5 tu. Nafasi mbili ni saa 336 kwa juma. Ukizigawa kwa watu 5, kila mmoja atafanya saa 67 badala ya 45. Ama sivyo, wodi itaachiwa mwuguzi mmoja usiku kucha, na wagonjwa walewale. Hakuna njia ya tatu. Mkuu wa wodi awe na hekima kama Sulemani, hawezi kuzifanya saa za juma kuwa pungufu ya 168.

Upungufu huu si wa kwetu peke yetu. Shirika la Afya Duniani lilitoa taarifa mwaka 2025 ya kuwa wauguzi wa ulimwengu mzima walikuwa milioni 29.8 katika mwaka 2023, na waliokosekana walikuwa milioni 5.8. Sehemu kubwa ya upungufu huo i katika nchi maskini. Kwa hiyo umwonapo mwuguzi akitembea upesi asijibu salamu yako kwa maneno mengi, usifanye haraka kusema ana kiburi. Yamkini anafanya kazi ya watu wawili. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

Sasa tutazame mwili wenyewe. Ndani ya kichwa cha mwanadamu, katika ubongo, mna kikundi kidogo cha chembe kiongozwacho na nuru iingiayo machoni. Hicho ndicho saa ya mwili. Usiku huuambia mwili upoe na kulala. Mchana huuambia uamke. Mwaka 2017 wataalamu watatu wa Marekani, Jeffrey Hall, Michael Rosbash na Michael Young, walipewa tuzo ya Nobel ya utabibu kwa kuonyesha jinsi saa hiyo iendavyo ndani ya chembe. Nao waliichunguza katika inzi wadogo wale warukao juu ya matunda yaliyoiva. Jambo la kuangalia ni kwamba saa hiyo haitii karatasi iliyobandikwa ukutani. Waweza kuandika jina la mtu katika zamu ya usiku kwa kalamu mara moja. Mwili wake hautageuka kwa kalamu. Huhitaji siku nyingi, na kwa wengi haugeuki kabisa, maana kila asubuhi arudipo nyumbani jua lampiga machoni na kumwambia, "Kumekucha."

Kwa sababu hiyo usingizi wa mchana si sawa na wa usiku. Ni mfupi, na ni mwepesi. Kishindo kidogo huukatiza. Na usiku, karibu na alfajiri, mwili hupoa kuliko wakati wote mwingine, na uzito wa kusinzia huzidi. Ajabu ni kwamba saa zile ndizo zenye kazi nyingi katika wodi nyingi: kupima joto na mapigo ya moyo, kutoa dawa za alfajiri, kuandika habari za usiku, na kutengeneza kila kitu kabla ya wenzake kuingia.

Pengine mtu atasema, "Kusinzia kidogo kwadhuru nini?" Na ajibiwe hivi. Mwaka 1997 wataalamu wawili waliokuwa Australia, Drew Dawson na Kathryn Reid, walitangaza majaribio yao. Waliwapima watu walioachwa wakikesha, na wakawapima tena watu walewale wakiwa wamekunywa pombe. Wakaona kwamba aliyekuwa macho saa 17 mfululizo, mkono wake na akili yake vilikuwa vimepungua nguvu sawasawa na mtu mwenye pombe asilimia 0.05 katika damu yake, kiasi kinachotosha kumkataza mtu kuendesha motakaa katika nchi nyingi. Na aliyekesha saa 24 alikuwa kama mwenye karibu mara mbili ya kiasi hicho.

Basi tuchukue mfano wa nyumbani kwetu. Yuko mama mwuguzi aingiaye zamu yake ya kwanza ya usiku. Ameamka saa 12 asubuhi kuwavika watoto nguo za shule. Angependa kulala alasiri, lakini mgeni amekuja, nguo hazijafuliwa, maji hayajatekwa, na simu yake inalia kila saa. Saa 2 ya usiku anaingia wodini, akiwa macho saa 14 tayari. Ikifika saa 5 ya usiku zimetimia saa 17. Ikifika saa 12 asubuhi zimetimia saa 24, na saa ile ndiyo apimayo dawa za watoto wachanga. Dawa ya mtoto hupimwa kwa uzito wake, na nukta moja ikikosewa mahali pake, kipimo kimekuwa mara 10 ya kilichoamriwa. Mama huyu hakuonja hata tone la pombe. Walakini nyumba yake imempeleka kazini kana kwamba amelewa, na hakuna aliyemwona akiyumba.

Tena si usiku peke yake. Urefu wa zamu nao una hesabu yake. Katika Marekani Ann Rogers na wenziwe waliwaomba wauguzi 393 waandike kila siku saa zao za kazi na makosa waliyofanya au waliyokaribia kufanya. Mwaka 2004 walitangaza walichoona: zamu iliyofika saa 12 na nusu au kupita ilikuwa na hatari ya kosa karibu mara 3 kuliko zamu fupi ya kawaida. Wauguzi hao walikuwa watu waliofunzwa vema, wenye vyombo vizuri kuliko vyetu. Mafunzo hayaondoi uchovu, wala vyombo haviuondoi.

Na mwuguzi mwenyewe hudhurika. Kazi ya usiku ya miaka mingi huchafua tumbo, huongeza hatari ya kisukari na ya maradhi ya moyo. Na shirika la kimataifa lichunguzalo saratani liliiweka kazi ya zamu za usiku katika kundi la mambo ambayo yamkini huleta saratani, mwaka 2007 kwanza, na mara ya pili mwaka 2019. Hii si kusema kila akeshaye ataugua, la hasha. Ni kusema kwamba mtu huyo anatoa kitu cha mwili wake ili wengine wapone, nasi yatupasa tusimzidishie.

Sheria nazo zimeona jambo hili. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania Bara, ya mwaka 2004, yahesabu usiku kuwa tangu saa 2 ya usiku hata saa 12 ya asubuhi, na yaamuru mtu alipwe, kwa kila saa ya usiku, nyongeza isiyopungua asilimia 5 ya mshahara wake wa msingi. Yasema mtu asifanye kazi zaidi ya saa 12 kwa siku. Na kati ya kutoka kazini na kuingia tena apate mapumziko ya saa 12 mfululizo. Na kila juma apate saa 24 zisizo na kazi. Kazi ya ziada isipite saa 50 katika majuma manne, na malipo yake yasipungue mara moja na nusu ya kawaida. Mwanamke mjamzito asipangiwe usiku katika miezi 2 ya mwisho kabla ya kujifungua, wala katika miezi 2 baada yake. Ni kweli kwamba dharura ina njia yake. Nyumba ikiwaka moto hatutazami saa. Lakini dharura ya kila siku si dharura tena, ni upungufu wa watu uliopewa jina jingine.

Na katika mambo ya mataifa yote, Shirika la Kazi Duniani lilitoa mapendekezo juu ya kazi ya wauguzi mwaka 1977. Mojawapo ni hili, ambalo kwa maoni yangu ndilo linaloigusa nyumba kuliko yote: mwuguzi aarifiwe zamu zake mapema, apate kupanga mambo yake na ya jamaa yake. Tazama jinsi neno lilivyo jepesi. Halihitaji fedha, lahitaji karatasi ibandikwe mapema na isibadilishwe ovyo.

Sasa nitanena habari ya kupokezana, kwa kuwa ndugu wengi wa wagonjwa hukasirika wakati ule. Wamekuja kumwona mgonjwa wao, nao wanawakuta wauguzi wamesimama kitanda hata kitanda wakisemezana, wengine wana mikoba begani. Huuliza, "Hawa wanapiga soga, na mzee wetu anaomba maji?" La, ndugu. Wanakabidhiana wagonjwa. Atokaye anamwambia aingiaye: huyu alitapika usiku, huyu alipewa sindano saa 10, asipewe nyingine kabla ya saa 4, huyu asile, maana atapasuliwa leo. Neno moja likisahauliwa hapo, hakuna wa kulikumbuka, maana aliyelijua amekwenda kulala. Mwaka 2007 Shirika la Afya Duniani liliyataja makabidhiano kuwa mojawapo ya mambo 9 yapasayo kuangaliwa sana ili wagonjwa wasidhurike.

Mafunzo haya si mapya. Florence Nightingale, Mwingereza, alikwenda Scutari mwaka 1854 pamoja na wauguzi 38, wawauguze askari wa vita ya Crimea, naye alisifiwa sana kwa kupita kati ya vitanda usiku akichukua taa. Picha ya ile taa imebaki mioyoni mwa watu hata leo. Walakini katika kitabu chake juu ya uuguzi, kilichotolewa mwaka 1859, hakuwafundisha watu kukesha siku zote. Alifundisha kwamba mwuguzi mwema ni yule ajuaye kupanga mambo hata yakatendeka vema na yeye hayupo. Hilo ndilo shina la zamu. Yeye atakaye kuwapo usiku na mchana ataanguka, na wagonjwa wake wataanguka naye. Bali akabidhiye vema na kwenda kulala, huyo amewauguza hata katika usingizi wake.

Basi tufanye nini? Nitasema na watu wa namna tatu.

Kwanza, ninyi wa nyumbani. Ratiba ikitoka, na inakiliwe, ibandikwe jikoni au sebuleni, mahali ambapo hata mtoto asomaye darasa la tatu aweza kuiona. Mkijua ya kuwa Jumatano mama ana zamu ya usiku, basi alasiri ya Jumatano ni yake alale, hata kama saa mbili tu, kabla ya kwenda. Asubuhi arudipo, mpeni chakula chepesi na maji ya kuoga, kisha mlango ufungwe. Dirisha lizibwe kwa kitenge kizito au blanketi, maana giza ni nusu ya usingizi. Simu yake na akabidhiwe mtu mwingine. Watoto wacheze mbali, redio ipunguzwe, na mgeni ajapo aambiwe waziwazi, "Mwenyewe alikuwa kazini usiku, amelala, karibu ukae nasi, au urudi jioni." Hiyo si kumnyima mgeni heshima. Mgeni mwenye adabu ataelewa, na asiyeelewa atafundishwa siku atakapolazwa yeye.

Enyi akina baba, kuna jambo hapa lenu hasa. Nyumba nyingi humwachia mama kazi zake zote za mchana, kana kwamba hakufanya kazi usiku. Akitoka zamu huanza kufua, kupika na kwenda sokoni, akalala saa mbili, kisha hurudi kukesha. Siku tatu za namna hiyo humfanya mtu akose usingizi wa usiku mzima na zaidi. Usingizi ni deni, na dawa ya deni ni kulipa. Hailipwi kwa chai ya rangi wala kwa ujasiri. Mume aliyeshika ufagio wakati mkewe amelala hakupungukiwa na kitu. Na awapo mume ndiye mwuguzi, kwa kuwa wako wanaume wengi katika kazi hii, mke naye asimwite mvivu mbele ya watoto. Tena atokaye zamu ya usiku asiendeshe pikipiki wala motakaa akiwa anasinzia. Kama yupo wa kumchukua, na amchukue.

Tena kuna misiba na arusi. Kwetu asiyeonekana msibani husemwa, na ni haki, maana ujirani ni kuzikana. Lakini mwuguzi aliyeshindwa kuja usiku wa matanga kwa sababu yuko wodini, hakuwatupa. Yu pamoja na wagonjwa wa watu wengine, kama wengine walivyokuwa pamoja na mgonjwa wenu. Mpokeeni ajapo siku ya tatu, wala msimhesabie.

Pili, ninyi wenye kupanga zamu. Hampewi watu wa kutosha, nasi twalijua. Walakini yako mambo yaliyo katika uwezo wenu. Zamu zifuatane kwenda mbele: asubuhi, kisha alasiri, kisha usiku, maana mwili huvumilia kuchelewa kulala kuliko kulazwa mapema. Msimtoe mtu zamu ya alasiri usiku umeingia mkamwita tena alfajiri. Usiku zisiwe nyingi mfululizo. Wataalamu wengi hushauri mbili au tatu, kisha apumzike. Na sikukuu zizungushwe, asiwe mgeni wa kazi ndiye akeshaye kila mwaka. Zaidi ya yote, ratiba isiwe fimbo. Mtu akikosa, na aonywe kwa njia iliyo halali. Asipangiwe usiku kwa kisasi. Ampigaye mwuguzi kwa usiku, fimbo humwangukia mgonjwa.

Tatu, ninyi wauguzi wenyewe. Najua mshahara haufiki mwisho wa mwezi, karo ya watoto ipo, na zahanati ya mtu binafsi inatafuta mkono wa ziada. Wako watokao zamu ya usiku huku, wakaingia zamu ya mchana kule, na siku inayofuata wakarudi. Siwalaumu kwa kutafuta riziki ya watoto. Nasema tu kwamba hesabu ya saa 17 na saa 24 haina huruma kwa aliye maskini. Yampata sawasawa na tajiri. Mkitafuta kazi ya pili, na iwe siku zenu za mapumziko, na usingizi ulipwe kwanza. Na mkibadilishana zamu kwa hisani, jambo ambalo ni jema sana kati ya wenzi, andikeni, mkamwarifu mkuu, ili wodi isije ikakosa mtu kila mmoja akidhani mwenzake yupo.

Nimesema mengi, nami nitafunga. Tunapokwenda hospitali usiku na mtoto awakaye homa, tunataka tumkute mtu aliye macho, mwenye mkono thabiti na akili safi. Mtu huyo hatengenezwi usiku ule mlangoni pa hospitali. Hutengenezwa mchana, katika nyumba fulani yenye pazia lililoshushwa, na watoto walioambiwa wakacheze mbali. Huenda nyumba hiyo ni ya jirani yako, au ni yako mwenyewe. Kwa hiyo mwezi huu, kila nyumba yenye mwuguzi na itafute nakala ya ratiba yake, iibandike ukutani, na kila nyumba isiyo naye imwulize jirani aliye naye, "Leo mama amelala saa ngapi? Tuwaite watoto waje kwetu?"